Jogoo wa Blogu na Maksai wa Kaka

Sijaandika kitu kwenye blogu yangu tangu msimu wa ngoma ulipoisha, na kila anayeniuliza sababu namjibu kwamba mtandao unasumbua. Uongo mtupu. Mtandao haukunisumbua hata kidogo. Siku ile ambayo ningefurahi ukatike, ulikaa imara mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Nyumbani wananijua hivyo tangu utoto, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Shinyanga mjini, karibu na kijiwe cha bajaji, na mteja akianza kunifundisha mashine yangu mwenyewe namrudishia karatasi zake akatafute pengine. Ila kwenye blogu nilikuwa mtu mwingine. Niliandika kuhusu vitu vya kurahisisha maisha, na vingine vya kuchekesha tu: programu ya simu inayokuonyesha kama rafu ya ukutani umeipigilia sawa, namna ya kugeuza simu ya zamani iwe kamera ya kulinda banda la kuku, taa ya jua iliyotengenezwa kwa chupa ya maji na mfuniko wa sufuria. Nikigundua kitu nakijaribu kwanza mwenyewe. Kikinifaa nakisifu, kikinipotezea muda nakisema vibaya hadharani, na wasomaji wangu walipenda zaidi siku za kusema vibaya.

Nilichopenda kupita vyote ni viongezo, vile vipande vya programu unavyobandika kwenye blogu ili ifanye jambo ambalo yenyewe haiwezi. Nilikuwa na kimoja chenye jogoo. Kila msomaji akiingia kwenye blogu, jogoo anawika kwenye simu yangu. Dukani watu walikuwa wanageuka kutafuta kuku, nami nacheka peke yangu nyuma ya mashine. Kingine kilikuwa ramani. Msomaji akikubali kuonyesha alipo, nukta nyekundu inatokea: moja Mwanza, moja Kahama, moja Geita kwa wachimbaji, na siku moja ikatokea nukta mbali kabisa, nchi ya watu wengine, nikakaa nayo jioni nzima nikijiuliza ni nani huyo na anataka nini kwetu.

Nusu ya vitu nilivyoviandika vilitoka kwa kaka yangu. Kaka alichimba dhahabu Geita kwa miaka mingi, kwenye yale mashimo wanayoyaita maduara, mpaka siku gogo la kushikilia ukuta lilipomwangukia gotini. Alirudi kijijini, upande wa Mhunze, akiwa na mguu usiokunja vizuri na ufundi wa kuchomelea vyuma aliojifunza huko huko. Ukimwachia chuma chakavu na mchana mmoja, atakutolea kitu. Alimtengenezea mke wake mashine ya kukoboa karanga inayozungushwa kwa pedeli za baiskeli, na kuku wake walikuwa wanafungua wenyewe chombo cha maji kwa kukanyaga kibao. Nilipiga picha, nikaandika, jogoo akawika.

Lakini kwa watu wa kwetu kaka hakujulikana kwa mashine za karanga. Alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayetunga nyimbo, anayezianzisha, anayetangulia mbele na mgwisho, ule usinga wa mkia wa ng'ombe, mkononi. Mgwisho wenyewe ulikuwa wa marehemu baba, aliyekuwa manju kabla yake. Na mama ndiye alikuwa akimwitikia baba kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya mto. Kwetu, mtu akisema familia yetu, anasema ngoma.

Sasa ngoma zetu hazishindani kwa alama za kuandikwa. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Wakati wowote wanaweza kuhama. Filimbi ya mwisho ikipulizwa, wazee wanaangalia ni upande gani umezungukwa na watu wengi zaidi, na huo ndio umeshinda. Hakuna kukata rufaa. Ndiyo maana kila manju anaumiza kichwa kubuni kitu cha kuwavuta watu: huyu atakuja na sanamu inayotikisa mabega, yule atakuja na nyoka shingoni, mwingine atatokea ndani ya pipa watu wakidhani ni tupu. Watu wanasubiri mwaka mzima waone nani amekuja na nini.

Kaka alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na kikundi kimoja, kile cha ng'ambo ya mto. Sababu ilikuwa goti. Manju wetu humaliza kwa kuruka juu ya ngoma kubwa, na kaka hakuweza tena kuruka. Wachezaji wake walikuja nyumbani kwake, wakakaa, wakamsalimu kwa adabu zote, kisha wakamwambia: akishindwa mara hii, amkabidhi mwingine mgwisho. Hawakumtukana. Walimwambia kwa upole, na nadhani angependa zaidi wangemtukana.

Ndipo akatengeneza maksai. Alimuunda kwa mbao za duarani alizorudi nazo kutoka Geita, mnyororo wa pikipiki, jeki ya gari, mota ya waipa na honi ya lori. Akamvisha ngozi, akampaka rangi ya yule maksai wa mwisho wa baba, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye mama alimlisha maganda ya maboga kwa mkono mpaka akawa anamfuata kisimani. Maksai huyu wa mbao alitikisa masikio, akazungusha mkia, akalia kwa sauti ya honi iliyozibwa kwa tambara. Na mwisho kabisa alipiga magoti. Kaka alimkalia mgongoni, jeki ikafanya kazi yake, maksai akainuka naye taratibu mpaka juu, mgwisho hewani. Mara ya kwanza aliponionyesha nyuma ya nyumba, nilikaa chini kwenye majani makavu nikalia, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

Mama naye hakuwepo kuona. Wiki hizo alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, amevunjika nyonga baada ya kuteleza akitoka kisimani, mguu umening'inizwa kwa vizito, haruhusiwi hata kukaa.

"Mama lazima amwone," kaka aliniambia. "Nishinde nisishinde, amwone maksai wake akipiga magoti. Wewe na vidude vyako hivyo, nitafutie njia."

Basi nikatafuta. Nilijaribu viongezo vya kurusha picha mubashara mpaka macho yakauma. Kimoja kilikula bando lote kabla sijaonyesha hata mlango wa duka. Kingine kilikuwa kinaonyesha picha huku sauti ikifuata nyuma, ungedhani mtu anaongea na mzimu wake. Hatimaye nikapata kimoja kilichojipima chenyewe kulingana na mtandao, ukipungua kinapunguza ubora wa picha lakini hakikati. Kaka akanitengenezea kisimamio cha simu kwa shina la kioo cha pikipiki na springi, kilichosimama imara hata kwenye upepo. Muuguzi mmoja wa wodini, dada mwenye roho nzuri, alikubali kuegemeza simu yake kwenye kabati la mama na kumfungulia blogu saa ya ngoma ikifika. Tulipojaribu, mama alimwona kaka akiwa uani kwake, akaniuliza mbona mwanawe amekonda. Nilifurahi kupita kiasi.

Siku hiyo ya kujaribu alikuwepo shemeji yetu, mume wa dada yetu mkubwa. Ana kibanda umiza pale kwenye senta, chumba cha mabati chenye madirisha yaliyozibwa, benchi za mbao na televisheni kubwa ukutani, ambapo watu hulipa kuangalia mpira na sinema. Alikaa kwenye kigoda chake akinywa chai ya wifi yangu, mke wa kaka, akaniuliza maswali mengi ambayo kwa kawaida hana.

"Kwa hiyo shemeji, hata mtu wa Dar anaona?"

"Hata wa Dar."

"Na wa hapa hapa je? Mtu amekaa zake senta?"

"Hata akiwa msalani ataona," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema mimi nilipotea njia, ningezaliwa Ulaya ningekuwa mbali. Nilivimba kichwa. Mtu hajawahi kunisifu katika ukoo wetu isipokuwa anataka kitu, lakini siku ile nilijisahau.

Uwanja wenyewe uko ukingoni mwa senta, nyuma ya ghala la pamba, na kibanda cha shemeji kiko mbele ya ghala hilo hilo. Ukitoka mlangoni kwake ukazunguka ukuta mmoja, umefika uwanjani. Msomaji akumbuke hilo, kwa sababu mimi silisahau.

Siku ya ngoma watu walikuja mapema. Kaka na wachezaji wake walikuwa upande wa mashariki, wale wa ng'ambo ya mto upande wa magharibi, jua limesimama katikati bila huruma na vumbi linapanda. Nikasimamisha simu yangu, nikabonyeza, tukawa hewani. Kidogo tu jogoo akaanza kuwika. Akawika, akawika tena, kisha akawa hapumziki. Watu waliosimama karibu nami wakacheka, mzee mmoja akauliza huyo kuku ana ugonjwa gani. Mimi moyo ulikuwa juu. Nilijua ni wachimbaji wa Geita, wenzake kaka, maana walikuwa wameahidi kukusanyika kwenye simu. Muuguzi naye akaandika: "Mama yuko hapa. Anaona vizuri." Nikamwonyesha kaka dole gumba, naye akaanza wimbo.

Tulianza vizuri. Maksai alipotolewa chini ya turubai na kutikisa masikio, watu wa magharibi walianza kukatiza uwanja wakikimbia kuja kwetu. Honi ilipolia, watoto walirudi nyuma wakapiga kelele, na akina mama wakapiga vigelegele. Niliona kabisa duara la watu wetu likinenepa na lile lingine likibaki na mapengo. Wifi alikuwa kando yangu, akanishika mkono akaubana. Tulikuwa tunashinda.

Kisha watu wakaanza kupungua. Mwanzoni sikuelewa. Hawakuwa wanakwenda magharibi. Walikuwa wanachungulia simu zao, wanasemezana, wanaondoka kwa nyuma, mmoja mmoja na wawili wawili, kuelekea ghala la pamba. Na kadiri uwanja ulivyopungua, jogoo naye akazidi. Nikafungua ramani. Kulikuwa na nukta Geita, ndiyo, na moja Kolandoto ambayo niliitambua na kuipenda. Lakini rundo kubwa la nukta, nyekundu juu ya nyekundu mpaka haziachani, lilikuwa Mhunze. Nikaikuza ramani. Lilikuwa pale pale nilipokuwa nimesimama, ukuta mmoja mbele.

Sikio langu likaanza kusikia kitu ambacho nadhani lilikuwa linakisikia muda wote: bodaboda yenye kipaza sauti inazunguka senta. "Njoo uone ngoma ya maksai ukiwa umekaa. Kivulini, soda baridi. Picha kubwa, bila vumbi." Damu ilinichemka. Nikamwambia wifi, shika hapa, usiguse kitu, nikaondoka karibu nikimbie.

Kibandani hapakuwa na pa kutia mguu. Shemeji alikuwa mlangoni na kikopo chake cha kukusanyia, anawapokea watu kwa tabasamu, anwani ya blogu yangu imeandikwa kwa chaki mlangoni. Ndani, juu ya vichwa vya watu, kaka yangu alikuwa ukutani, mkubwa kuliko alivyo, anacheza. Picha yangu. Kisimamio cha kaka, bando langu, kiongezo nilichokitafuta mpaka macho yakauma. Na waliojaa mle ndani walikuwa watu wetu, niliwajua kwa sura, majirani, mashabiki wa kaka tangu enzi za baba. Walikuwa wanapiga makofi, wanaitikia nyimbo. Wale wa kikundi cha ng'ambo ya mto hawakuwa na pa kukiona kikundi chao ila uwanjani, kwa hiyo walibaki uwanjani. Wetu ndio waliopewa kivuli.

Niliwaambia watoke. Niliwaambia kwa Kiswahili, nikawaambia kwa Kisukuma, na mengine sitayaandika hapa. Niliwaambia kwamba ngoma inahesabiwa kule, si hapa, kwamba filimbi inakaribia, kwamba mtu wao atanyang'anywa mgwisho wao wakiwa wamekaa wanamshangilia ukutani. Mama mmoja mtu mzima, ambaye zamani alikuwa anachota maji na mama yangu, akanivuta nguo taratibu.

"Kaa binti yangu, unatuziba. Huku anaonekana vizuri mpaka jasho."

Wachache waliinuka, niwatendee haki. Wengi walinitazama kama mtu anayeleta fujo msikitini au kanisani. Nikapita katikati yao nikiwakanyaga miguu, nikafika ukutani, nikachomoa waya wa televisheni. Chumba kikawa giza. Nikajua sasa watatoka.

Wakatoa simu. Nilisimama pale na waya mkononi nikaona mwanga unawaka mmoja baada ya mwingine, watu wanakusanyika watatu, wanne kwenye kioo kimoja, sauti ya kaka ikitoka vipande vipande kila kona ya chumba. Hawakunikasirikia hata kidogo. Walikuwa wanamtazama kaka.

Nikamgeukia shemeji. "Huyu si shemeji yako? Si kaka wa mkeo?"

"Sasa mimi nimekosa nini," akasema, na ajabu ni kwamba alikuwa anamaanisha. "Namtangaza. Unaona wanavyompenda." Kisha akaona nilivyokuwa nikimtazama, akapunguza sauti. "Kama umeona ni mbaya, zima, shemeji. Si simu ni yako? Zima waende."

Alijua. Alikuwepo uani tulipojaribu, alimsikia mama akiuliza mbona mwanawe amekonda, alijua simu ile ilikuwa ya nani na kwa ajili ya nani. Alijua kwamba mtu pekee ambaye angeweza kuwatoa watu wake kwenye benchi ni mimi, na kwamba nisingeweza. Nimekutana na watu wenye roho mbaya maishani, na sidhani shemeji ni mmoja wao. Yeye ni mtu anayejua wewe utashindwa wapi, anaweka benchi hapo hapo na kuuza soda. Wa namna hiyo nawachukia zaidi.

Nikarudi uwanjani nikikimbia. Upande wetu ulikuwa umebaki na mapengo ambayo ungeweza kupitisha mkokoteni. Kaka alikuwa anacheza bado, jasho linamtiririka, goti limeshaanza kumvuta upande, na wachezaji nyuma yake walikuwa wanatazamana. Nikamtoa wifi kwenye simu. Kitufe chekundu kilikuwa chini ya kidole gumba changu. Ningekigusa tu, kaka angepotea kwenye kila kioo kule kibandani, na wale watu wasingekuwa na la kufanya ila kuzunguka ukuta. Muda ulikuwepo. Maksai alikuwa bado hajapiga magoti. Wangefika, wangejaa, tungeshinda, na mgwisho ungebaki nyumbani.

Wifi akanionyesha chini ya picha, pale watu wanapoandika. Muuguzi alikuwa ameandika tena. "Mama anaimba. Anaitikia kila mstari. Wodi nzima imenyamaza kumsikiliza."

Nikainua macho, nikakutana na ya kaka. Aliona kidole changu kilipo, kwa sababu ananijua na alikuwa ameshaona uwanja. Hakuacha wimbo. Alitikisa mgwisho mara moja kunielekea, namna anavyowazuia wapiga ngoma wakitaka kwenda haraka, na akatikisa kichwa. Usizime.

Nikaondoa kidole. Nilikikunja kwenye ngumi na kukaa hivyo, na nilimchukia kaka yangu wakati ule karibu sawa na shemeji.

Maksai akapiga magoti. Kaka akakaa mgongoni mwake, jeki ikasukuma, wakainuka pamoja taratibu, lile baka jeupe likielekea moja kwa moja kwenye simu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amempanga tangu mwanzo, ageukie simu. Kutoka upande wa pili wa ghala la pamba nilisikia kishindo cha kushangilia, kelele za watu wengi kuliko waliokuwa uwanja mzima. Kisha filimbi ikapulizwa.

Wazee watatu walizunguka kama ilivyo desturi. Hawakuhitaji hata kufika upande wetu. Niliwafuata, nikawaonyesha ramani, nikawawekea jogoo sikioni, nikawaambia wasikilize tu kelele za kule nyuma ya ukuta. Mmoja wao alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Tumekuelewa, binti. Lakini sisi tunahesabu watu waliokuja uwanjani."

Kaka alikabidhi mgwisho pale pale, mbele ya watu waliobaki. Alimpa kijana mmoja, mchezaji wa mstari wa mbele, akamshika bega, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Watu wa kibandani walikuwa wameanza kuzunguka ukuta, wanakuja kwa furaha kumpongeza, wanauliza kwa nini ngoma zimenyamaza. Walipoambiwa, wakashika vichwa. Yule mama aliyenivuta nguo alilia kwa sauti. Sikumwonea huruma na sijamwonea mpaka sasa.

Jioni shemeji alikuja nyumbani kwa kaka na kreti ya soda. Nikainuka nimfukuze. Kaka akasema, "Karibu shemeji, kaa," akamsogezea kigoda. Wakanywa. Wakazungumzia mvua. Niliondoka kwenda kukaa jikoni na wifi, kwa sababu ningebaki pale ningesema jambo ambalo dada yangu asingenisamehe. Wifi alikuwa anachagua mchele.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Kolandoto. Njia nzima kwenye basi niliyapanga maneno. Mama alikuwa na haki ya kujua mkwe wake amefanya nini, na nilikuwa nimeamua kumwambia yote, kibanda, kipaza sauti, kikopo, yote, na kaka aseme atakavyo.

"Shikamoo mayu," tukamwamkia mama.

"Marahaba wanangu." Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Sauti ilikuwa imekauka kwa kuimba. Akamshika kaka mkono hata kabla hajakaa. "Nimemwona. Baka la kwenye paji umelipeleka upande kidogo, lakini ni yeye. Alipopiga magoti nilimwambia huyu binti muuguzi, niletee maganda ya maboga. Akadhani nimechanganyikiwa."

Tukacheka wote. Mwenye kitanda cha jirani akasema bibi alimnyima usingizi wa mchana, ila amemsamehe. Mama hakuuachia mkono wa kaka.

"Ila niambieni kitu kimoja," akasema. "Watu walikuwa wapi? Namwona mwanangu anacheza vile, nyuma yake vumbi tupu. Wakati wa baba yenu watu walikuwa wanakanyagana."

Nikafungua mdomo. Kaka akaniwahi.

"Walikuwa upande wa simu, mama. Walijaa mpaka wakamsukuma huyu, nusura aangushe kisimamio." Akanigeukia. "Si ndiyo?"

Alinitazama kwa yale macho ya uwanjani. Maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yalikuwa hapa kooni, yameshapangana.

"Ndiyo," nikasema. "Walijaa."

Mama akafumba macho, ameridhika. "Nilijua. Nikasema haiwezekani. Basi mwakani, wewe mwenye simu, igeuze kidogo, nami niwaone."

"Nitaigeuza, mayu."

Mkobani mwangu jogoo akawika. Mtu, mahali fulani, alikuwa amefungua blogu kuangalia ngoma ya jana. Mama akafumbua jicho moja, akauliza nani ameleta kuku hospitalini. Nikaingiza mkono, nikaitafuta simu kwa kupapasa, nikaizima.